Neno "Yetu"



Mataifa yanapogombana, kila moja hujivika joho la mwenye haki, na magazeti yake hugeuka wapambe. Tukumbuke vita vya visiwa vya Falkland, ambavyo Waargentina huviita Malvinas, mwaka 1982. Serikali ya kijeshi ya Jenerali Galtieri ilivivamia tarehe 2 Aprili. Wananchi waliokuwa wamechoshwa na ukandamizaji wakajaa Plaza de Mayo kumshangilia. Mwezi Mei jarida la Gente likatangaza kwamba Argentina inashinda.

Huko London, The Sun, katika nakala zake za kwanza, lilipokea kuzamishwa kwa meli General Belgrano kwa neno moja la shangwe. Baadaye ikajulikana kuwa watu 323 walikufa. Nayo BBC, kwa kusema "majeshi ya Uingereza" badala ya "majeshi yetu", ilishutumiwa na baadhi ya wabunge kana kwamba imeisaliti nchi. Kosa lote ni kukosekana kwa neno "yetu"!

Hatusemi pande zote zilikuwa sawa, aliyevamia alivamia. Lakini haki ya kudai kisiwa haimpi mtu haki ya kushangilia maiti. Papa Yohane Paulo II alizitembelea nchi zote mbili vita vikiendelea, akiomba amani kotekote.

Mapigano yalikoma tarehe 14 Juni. Waargentina 649 na Waingereza 255 walikuwa wamekufa, pamoja na wakazi watatu wa visiwa. Kesho yake umati ulirudi Plaza de Mayo, safari hii kumzomea Galtieri, maana ulikuwa umeaminishwa kwamba ushindi u karibu.