Mchambua kahawa hahitaji masikio

Ndugu zangu wa Mbinga na Nyasa, msimu uliopita, kwenye lango la ghala moja la kahawa, nilimwona msimamizi akimtoa binti kwenye foleni ya vibarua wa kuchambua. Kosa lake ni uziwi. Mama yake, aliyetoka naye Maguu alfajiri, alijitahidi kueleza kwamba nyumbani hakuna anayemfikia huyu binti kwa kuchambua, punje mbovu haimpiti. Msimamizi akamjibu, "Mama, hapa tunataka watu wazima." Foleni ikacheka, ikasogea mbele.

Kuchambua kahawa ni kazi ya macho na vidole. Unakaa, punje zimemwagwa mbele yako, unatoa nyeusi, iliyovunjika, iliyotobolewa na wadudu. Sikio la nini hapo? Hata mguu wa nini? Maana siku hiyohiyo kijana aliyekatwa mguu baada ya ajali ya bodaboda naye alirudishwa, wakati kazi yenyewe inafanywa watu wameketi!

Sababu tunazijua: dharau, uvivu wa kufikiri na ajira za kujuana. Kinachonichoma zaidi ni madalali wanaokula kwenye shida hii. Wanachukua pesa ya "kuandika jina", kisha wanakata posho ya kibarua kila jioni. Sisi tunaowalaani wanunuzi wa magoma kwa kumnyonya mkulima kahawa ikiwa bado mtini, mbona tunamchekea anayenyonya jasho la mtu kabla hajalitoa?

Sheria ipo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Katika wafanyakazi 100, ni watatu. Watatu tu, jamani! Halmashauri nazo zina mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, na 2 kati ya hizo ni za watu wenye ulemavu. Jambo jema, ila mkopo humfaa mwenye biashara. Anayetafuta kibarua akope akafanye nini?

Tuanzishe wenyewe wakala wa ajira usiotafuta faida. Dar es Salaam, shirika la CCBRT lilishirikiana na kampuni ya Radar kuwatafutia kazi watu wenye ulemavu, na kuwaelimisha waajiri pia. Huku tuna vyama vya ushirika vya wakulima, AMCOS, tuna parokia, misikiti na vikoba. Kabla kahawa haijaiva, kila kijiji kiwe na daftari: jina, mahali anapoishi, anachoweza kufanya. Wiki ya kwanza mtu wa wakala aende na mfanyakazi mpya, akae naye mezani, amfundishe msimamizi ishara chache za mikono: njoo, subiri, chakula, mzani, tumemaliza. Wiki moja inatosha kumtoa msimamizi woga, kwa sababu mara nyingi anayeogopa ni yeye. Mtafuta kazi asitozwe hata senti. Mwajiri achangie, nasi tuchange. Fedha haijawahi kutushinda kwenye harusi.

Ziwani nako, Liuli na Lituhi, kuna kushona nyavu, kuanika usipa na kufungasha. Lami imefika Mbamba Bay na bandari mpya inajengwa. Makandarasi watakuja na watu wao ikiwa sisi hatuna majina ya kuwawekea mezani. Na kwenye majina hayo tusimfiche aliyemaliza kifungo gereza la Kitai. Anatoka na mikono yake miwili na hana wa kumdhamini. Tukimkataa wote, tunategemea atakula wapi?

Waheshimiwa madiwani, mapadre, mashehe, wenyeviti wa AMCOS, nawasihi, na wengine nawaambia kwa ukali kwa sababu mmeombwa vya kutosha. Mwenye chumba akitoe kiwe ofisi ya wakala. Mwenye ghala aseme anahitaji wachambuaji wangapi. Na mkutano mkuu wa AMCOS ukiitishwa, wewe mwanachama nyoosha mkono kabla hawajafika kwenye pembejeo, uulize wakala unaanza lini na daftari anashika nani. Usikae chini mpaka ujibiwe.