Simu Haimtembelei Mgonjwa

Ijumaa Kuu ya mwaka juzi, saa tisa alasiri, mvua ya masika ikipiga bati, nilikuwa Rombo kando ya kitanda cha Bibi. Simu nilikuwa nimeiegemeza kwenye kopo la majani ya chai ili aone vizuri. Kanisa lake mwenyewe lilikuwa likirusha ibada moja kwa moja, naye akiwatambua watu kwa migongo yao: yule mke wa fulani, yule mtoto wa dada yake. Ulipofika wakati wa kuabudu Msalaba, waumini wakapanga mstari, wakapiga goti, wakabusu. Bibi akanyoosha mkono kuelekea kioo cha simu, kisha akaurudisha.

"Mjukuu wangu, na mimi nitaubusu wapi?"

Nilipanda kiti, nikauchomoa msalaba wa mbao uliokuwa juu ya mlango, nikaufuta masizi kwa khanga yake, nikampa. Aliushika mpaka ibada ikaisha.

Tangu siku hiyo siivumilii kauli ninayoisikia jumuiyani, kwenye daladala na hata mimbarini: kwamba siku hizi hakuna anayekosa ibada, kila kitu kiko kwenye simu. Husemwa kwa nia njema, tena kwa fahari. Lakini si kweli, na wanaoumia ni wale wale tunaodhani tumewasaidia.

Sina ugomvi na matangazo yenyewe. Ibada ilisikika redioni kutoka Pittsburgh, Marekani, tangu Januari 1921, na Krismasi ya 1948 Misa ya usiku wa manane ikaonekana kwenye televisheni kutoka Notre-Dame, Paris. Pasaka ya tarehe 12 Aprili 2020, majirani zetu wa Kenya wakiwa wamefungiwa makanisa kwa sababu ya korona, redio na televisheni ndizo zilizowabebea sikukuu. Wala siko upande wa wanaomwita mvivu anayesalia nyumbani. Kanisa Katoliki halimfungi mgonjwa kwa amri ya Jumapili, wala anayemuuguza. Ninaogombana nao ni sisi wenye miguu mizima. Kamera imekuja, nasi tukaigeuza ruhusa ya kutokwenda kwa mgonjwa.

Wakristo wa mwanzo hawakuwa na hata kipaza sauti. Lakini Mtakatifu Yustino, aliyeandika huko Roma yapata mwaka 155, anaeleza kwamba baada ya kusali Jumapili na kushiriki mkate, mashemasi waliwapelekea wale ambao hawakuwepo. Yaani ibada haikuwa imekwisha mpaka mtu ametoka, ameshika njia, amefika kwa asiyeweza kufika.

Na tukirudi kwenye Ijumaa Kuu ile ile, Kanisa lina utaratibu ambao wengi wetu hatujawahi kuelezwa. Siku hiyo Misa haiadhimishwi. Komunyo hutolewa ndani ya ibada ya Mateso tu, ukichelewa, umechelewa. Aliyeondolewa kwenye sharti hilo ni mgonjwa asiyeweza kufika: yeye anaweza kupelekewa saa yoyote, asubuhi, mchana au jioni. Siku yenye masharti makali kiasi hicho, mlango ulioachwa wazi ni wa chumba cha mgonjwa. Kwa Bibi hakuingia mtu. Nilipouliza baadaye, nikajibiwa kwa upole kabisa kwamba si alikuwa akifuatilia kwenye simu?

Wapo wanaonikumbusha Mtakatifu Klara wa Assisi, ambaye Papa Pio wa XII alimfanya msimamizi wa televisheni. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja wa Krismasi, akiwa mgonjwa hoi, alijaliwa kuishiriki ibada iliyokuwa ikiendelea mbali naye. Basi na tuisimulie yote. Inaanza kwa huzuni ya mwanamke aliyelala peke yake, wenzake wote wakiwa wamekwenda kusali. Na katika *Fioretti*, kitabu cha masimulizi ya Fransisko na wenzake, kuona na kusikia hakukumtosha Klara: alipokea na Komunyo.

Nimeshaambiwa pia kwamba mapadre ni wachache na vigango ni vingi. Ni kweli, na padre anayezunguka milima ya kwetu Jumapili moja vituo vitatu simlaumu. Lakini Papa Paulo wa VI alifungua njia mwaka 1973, walei wakaruhusiwa kuteuliwa kuwa wahudumu wa Komunyo, na wagonjwa walikuwa miongoni mwa sababu kubwa. Na jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele tangu miaka ya 1970, zinamjua kila mgonjwa kwa jina, kwa ugonjwa, na hata kwa mbwa anayelinda ua wake. Bahasha ya mchango wa ujenzi ilimfikia Bibi kila mwaka, mvua inyeshe isinyeshe. Njia ya kwenda kwake ilikuwa inajulikana. Hata ndugu zetu Walutheri, wenye desturi ya kuwapelekea wagonjwa Chakula cha Bwana nyumbani, wananiambia kishawishi ni kile kile: bora tununue kamera nyingine.

Mgonjwa anataka kumwona padre wake kwenye kioo, ndiyo. Anataka pia kushikwa mkono na mtu mwenye matope ya njiani viatuni, kuletewa tawi lake la Jumapili ya Matawi, kuulizwa amelalaje, kuitikia sala akiitikiwa. Kwenye simu Bibi aliitikia kila sala kwa sauti, na hakuna aliyemsikia isipokuwa mimi.

Kwaresima hii jumuiyani kwetu nimeomba tuandike majina. Tumepata wagonjwa wanne. Anayekaa mbali kuliko wote ni dakika 25 kwa miguu kutoka kanisani.