Batwa walishinda kesi, mbona wangali nje ya ardhi yao?

Ndugu wasikilizaji, nanyi jamaa mliohama vijiji vyenu, habari hii ni yenu pia.

Mwaka 1970 serikali iliunda Hifadhi ya Kahuzi-Biega, hekta 60.000. Mwaka 1975 ikaipanua hadi hekta 600.000. Batwa walifukuzwa katika msitu wa mababu zao bila fidia. Hadi leo wengine wanawaambia: "Hamna karatasi."

Karatasi gani? Sheria ya ardhi ya 1973 inasema udongo ni mali ya Dola. Kuhusu ardhi ya kimila, kifungu cha 389 kiliahidi amri ya Raisi ya kupanga haki za wenyeji. Miongo ikapita, amri haikutoka. Huwezi kumnyima mtu karatasi kisha umhukumu kwa kukosa karatasi!

Wataalamu wa sheria wamechunguza swala hili katika inchi nyingi. Huko Australia, katika kesi ya Eddie Mabo, mwaka 1992 mahakama kuu ilikubali kwamba wenyeji walikuwa na haki juu ya ardhi yao kabla Waingereza hawajafika, hata bila hati. Hapa Afrika, Tume ya Haki za Binadamu na za Watu ilitangaza mwaka 2024 kwamba Kongo ilivunja haki za Batwa wa Kahuzi-Biega, ikataka wapewe hati za pamoja na fidia. Na sheria yetu wenyewe ya tarehe 15 Julai 2022 inatambua haki zao.

Wengine wanasema Batwa wakirudi, msitu utakwisha. Lakini Batwa waliishi na msitu huo vizazi na vizazi, na serikali iliukuta umesimama. Biashara ya makala na mbao ina wakubwa wake, wengine na bunduki. Mbona hao hawaulizwi?

Wewe uliye kambini, shamba la baba yako mpaka wake ni mto na mti, na mashahidi ni majirani. Wewe pia huna karatasi. Mwenye pesa akienda kadasta leo, utasema nini kesho?

Kwa hiyo tunadai: serikali itekeleze uamuzi wa Tume. Watafiti nao walete matokeo yao kwa Kiswahili, tuyasome kwenye redio. Habari za ardhi yetu zisibaki Kifaransa tu, ndani ya kabati za ofisi.

Makaburi ya mababu hayana muhuri, lakini yanajulikana ni ya nani.