Acheni Birika Lipige Mluzi

Nataka kutetea chombo ambacho wasomi wenzangu wanakicheka: birika la mluzi. Lile la kuweka juu ya jiko, lenye kifuniko kidogo kwenye mdomo, ambalo maji yakichemka hulia mpaka jirani ajue kwamba kwako kuna chai. Wanasema ni pambo la majiko ya kwenye tamthilia. Wanasema sufuria inatosha, na asiyetaka sufuria anunue birika la umeme. Mimi nasema nyumba nyingi za hapa Tabora zinauhitaji mluzi huo kuliko zinavyohitaji kabati jipya la vyombo, na anayeubeza mara nyingi ni mtu ambaye hajawahi kutumwa kuangalia chai.

"Kaangalie chai." Kila msichana aliyekulia huku anaijua sentensi hiyo. Maana yake ni acha daftari, acha mazungumzo, nenda kasimame mbele ya jiko mpaka maji yachemke. Ukigeuka kidogo yanamwagika na kuzima moto, na wewe unaitwa mzembe. Hakuna anayeihesabu kuwa kazi, kwa sababu aliyetumwa anaonekana amesimama tu. Basi tuihesabu. Robo saa asubuhi na robo saa jioni ni nusu saa kwa siku. Kwa mwaka ni zaidi ya saa 180, yaani siku saba na nusu za usiku na mchana, bila kuwahesabu wageni. Mpe mtoto wa kidato cha nne saa hizo uone atafanya nini nazo.

Na msichana huyohuyo tumemkataza kupiga mluzi. Mluzi wa usiku unaita nyoka. Wengine husema unaita majini. Mluzi wa mchana, kama wewe ni wa kike, ni utovu wa adabu. Kwa hiyo tumemnyima mluzi, kisha tukampa kazi ambayo mluzi wa bati ungeifanya bila kuchoka.

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika historia. Utafiti wangu unahusu njia ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo ikapita Mpwapwa na Ugogo hadi hapa Unyanyembe, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Nimepanga chumba Tabora, na siku zangu nyingi nazimaliza kwenye maandishi ya karne ya 19. Humo nimejifunza jambo moja kuhusu sauti. Msafara uliongozwa kwa sauti: kulikuwa na ngoma, na kulikuwa na baragumu la kirangozi, mtu wa mbele, ambalo liliwaambia wapagazi wanyanyue mizigo na kuanza safari. Wazungu waliopita huku waliandika kurasa na kurasa juu ya kirangozi, mavazi yake na mbwembwe zake. Wanawake waliotembea na misafara hiyohiyo, wakibeba, wakitafuta maji na kukoka moto kila kituo, walisubiri muda mrefu kupata mwanahistoria wa kuwaandika. Stephen Rockel ni mmoja wa waliowapa nafasi, hasa katika kitabu chake cha mwaka 2006 juu ya kazi za wapagazi.

Chukua mfano wa Halima. Ukienda Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, utaonyeshwa tembe alilokaa David Livingstone mwaka 1872. Utasimuliwa habari za Stanley, aliyeagana naye Machi mwaka huo. Sasa uliza nani alikuwa akichemsha maji. Alikuwa Halima, mke wa Amoda, mpishi wa Livingstone. Livingstone mwenyewe aliandika katika shajara yake kwamba alimhudumia vizuri, na kwamba alikusudia kumpa uhuru na kumnunulia nyumba na bustani wakifika Unguja. Alikufa Mei 1873 kwa Chitambo, na kusudio likabaki kwenye karatasi. Halima aliifuata maiti mpaka pwani. Horace Waller, aliyezihariri shajara hizo, alikiri katika maelezo yake kwamba utumishi wa miaka yote ile haukulipwa chochote.

Simtaji Halima ili kuwatia watu huruma. Namtaja kwa sababu mtu anayesimama karibu na moto hapa kwetu bado analipwa kwa lugha ileile: anasifiwa kuwa mwaminifu, anaahidiwa mambo mazuri ya baadaye. Dada wa kazi anaambiwa atapelekwa kujifunza cherehani. Mtoto wa ndugu aliyeletwa mjini "asaidiwe shule" anaambiwa mwakani. Wakati huo chai inaangaliwa.

Nasikia jibu: binti, unalifanya birika kuwa mapinduzi. Hapana. Birika ni birika. Lakini vitu vidogo vya jikoni ndivyo vinavyoamua nani akae na nani asimame, kwa hiyo tuvichague kwa akili kama tunavyochagua simu.

Tuanze na moto wenyewe, maana hapo wengi hudhani sufuria ni ya kubana matumizi. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Jambo hilo lina historia katika mji huu. John Hanning Speke aliondoka Kazeh, kama walivyoiita Tabora, Julai 1858 akaenda kaskazini mpaka kwenye ziwa aliloliita Victoria, na urefu wa ziwa kutoka usawa wa bahari aliukadiria kwa kipimajoto ndani ya maji yanayochemka. Leo maji ya ziwa hilo yanakuja Tabora kwa bomba, na sisi tunayachemsha bila kujua yamechemka saa ngapi.

Kutokujua huko ni gharama. Kupasha lita mbili za maji kutoka nyuzi 25 hadi yachemke hapa kunahitaji kilojuli 600 hivi za joto. Kugeuza robo lita ya maji yaliyokwisha chemka kuwa mvuke kunahitaji kama kilojuli 560. Soma tena. Ukiyasahau maji mpaka kikombe kimoja kipotee hewani, umechoma karibu moto uleule uliochemsha lita mbili zote. Hiyo ni gesi uliyoinunua, au ni mkaa, na mkaa wa Tabora ni miombo, misitu ileile ambayo nyuki wetu wanaitegemea na ambayo tumbaku nayo inadai kuni zake za kukaushia. Na kama unachemsha kwa ajili ya usalama wa maji ya kunywa, dakika moja ya kutokota sawasawa inatosha katika mwinuko kama wetu. Mluzi ukilia, hesabu dakika moja, zima.

Mluzi wenyewe si mazingaombwe. Ndani ya kile kifuniko kuna vibati viwili vyenye matundu, kimoja nyuma ya kingine. Mvuke ukipita tundu la kwanza kwa kasi hauendi umenyooka; unayumba, ukifika tundu la pili unajipinda kuwa vizingia vidogo vya hewa, na hivyo ndivyo vinavyotoa sauti. Ross Henrywood na Anurag Agarwal wa Chuo Kikuu cha Cambridge walichapisha uchunguzi wao juu ya jambo hilo mwaka 2013, ingawa mabirika yalikuwa yakilia miaka mingi kabla yao. Kwa hiyo mluzi hauhitaji betri, wala umeme, wala mtu.

Hapo ndipo tunafika kwa birika la umeme. Nalikubali ni zuri. Linajizima lenyewe, na joto lake haliishii pembeni. Mwenye umeme wa uhakika na mita yake mwenyewe alinunue, sina ugomvi naye. Lakini wengi wetu tumepanga vyumba ambako LUKU ni ya watu watano, na anayechemsha maji kwa umeme ndiye anayesemwa uani kila yuniti zikiisha. Pia hatujasahau mgawo wa umeme wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere haujaanza kuzalisha. Bwawa la megawati 2,115 ni habari njema kweli. Chai ya saa kumi na mbili asubuhi, hata hivyo, inataka moto wa asubuhi hiyo.

Pingamizi zito zaidi ni hili: sisi hatuchemshi maji, tunapika chai. Maziwa, majani, tangawizi, iliki, vyote kwenye sufuria moja. Ni kweli, na usithubutu kutia maziwa kwenye birika la mluzi. Yataumuka, yataziba matundu, na utasugua mpaka ujute. Lakini chai ya rangi inaanza na maji matupu. Uji unaanza na maji ya moto. Maji ya kunywa, ya kuoga mtoto, ya kujaza chupa ya chai asubuhi ili mtu asiwashe jiko tena saa nne, yote ni maji matupu. Hata chai ya maziwa yenyewe hupikika upesi ukianza na maji yaliyokwisha chemka. Kinachobaki kuangaliwa ni maziwa peke yake, dakika chache tu.

Wanaolalamikia kelele nawajibu kama nilivyomjibu muuza vyombo sokoni. Aliniambia, "Dada, chukua hili lisilolia, lile litakuchosha masikio." Nikamwambia, "Kaka, bora yachoke masikio kuliko miguu." Akacheka, akanipunguzia bei.

Ukienda kununua, usidanganyike na rangi. Kwanza tazama kitako: kiwe kipana na bapa, kikae imara juu ya jiko la gesi. Funika kifuniko cha juu ulitikise. Kikilegea, mvuke utatokea huko na mluzi hautalia kamwe. Mkono wako uingie ndani, kwa sababu maji yenye chumvichumvi huacha utando mweupe, na utando huo hutoka kwa kuchemshia maji yenye limau au siki, kisha kusugua. Mshikio wa plastiki ni wa gesi tu. Kwenye jiko la mkaa joto hupanda ubavuni na kuuyeyusha, hivyo tafuta wa mbao au wa chuma. Chuma kisichoshika kutu kinadumu kuliko bati lililopakwa rangi. Lita mbili na nusu zinatosha familia ya kawaida. Ukishalifikisha nyumbani, usijaze maji mpaka yafike kwenye tundu la mdomo, maana yakiuziba litakutemea maji ya moto badala ya kulia.

Mei 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, na lengo ni kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Nauunga mkono. Moshi unaua, na wanaouvuta zaidi ni wanawake na watoto. Ila naogopa tukio moja ambalo tayari nimeliona katika nyumba kadhaa: mtungi wa gesi umeingia, picha imepigwa, jiko linawaka bluu, na mbele yake amesimama binti yuleyule wa jana, mikono kifuani, anaangalia chai. Moshi umeondoka. Kazi ya kusimama imebaki palepale, na ya mtu yuleyule.

Na hapa lazima niseme ukweli kuhusu chombo changu. Mluzi hautamwondoa jikoni peke yake. Nimekaa kwenye sebule ambako birika lililia, wanaume watatu na mgeni mmoja wakalisikia vizuri kabisa, na mmoja wao akapaza sauti: "We dada, birika linalia!" Alikuwa hatua sita kutoka jikoni. Dada alikuwa uani anafua. Katika nyumba kama hiyo mluzi umekuwa kengele tu ya kumwitia mtumishi, na ningekuwa mimi huyo dada ningelichukia birika hilo.

Lakini angalia kilichobadilika. Zamani aliyesimama jikoni peke yake ndiye aliyejua maji yamefika wapi, kwa hiyo kazi ilikuwa yake kwa kuwa yeye ndiye aliyejua. Sasa wote wamesikia. Hakuna tena anayeweza kusema hakujua. Mluzi hautaji jina la mtu. Hausemi Halima, hausemi dada. Sheria ya nyumba yenye birika hilo iwe moja: aliye karibu ndiye anayenyanyuka, awe baba, awe mgeni aliyezoea, awe kijana wa chuo mwenye simu mkononi. Kama nyumba yenu haiwezi kuikubali sheria hiyo, hata mabirika kumi hayatawasaidia.

Tena mwacheni binti apige mluzi akitaka. Tangu nihamie hapa birika langu limelia usiku mara nyingi, na nyoka bado sijamwona.