Jeddah si Miqati Yetu

Ndugu Waislamu, kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam ndege huchukua kama saa moja na nusu. Kutoka Dar hadi Jeddah ni kiasi cha kilomita 3,200, saa nne na ushei. Wazee wetu waliosafiri kwa treni na meli walikuwa na muda wa kujiandaa. Ndege hukata karibu kilomita 14 kwa dakika.

Katika Hadithi ya Ibn Abbas, waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) aliiweka Yalamlam iwe miqati ya watu wa Yemen na ya kila apitaye huko akikusudia Hija au Umra. Sisi tutokao kusini huwa usawa wake tungali angani. (Wanaoanzia Madina, yao ni Dhul-Hulayfa.) Anayengoja kutua Jeddah ndipo ahirimie keshaivuka, na wanazuoni wengi humlazimu kuchinja. Wapo wasemao Jeddah yatosha. Kauli hiyo tunaiona dhaifu, kwani mji huo umo ndani ya miqati.

Balaa kubwa ni begi. Shuka mbili zimo katika mzigo uliokwisha kupelekwa tumboni mwa ndege. Miqati inatangazwa, naye Alhaji amekaa na suruali yake. Tunanasihi zivaliwe Dar kabla ya kupanda, kisha nia iwekwe angani, dakika chache kabla ya usawa wa Yalamlam kwa tahadhari. Kina mama hawana vazi maalumu, ila nikabu na glavu huvuliwa.