Vikasha vya sauti visitupwe ovyo

Kompyuta kuukuu inapoondolewa shuleni au ofisini hapa Juba, huondoka na kila kilichounganishwa nayo. Iwapo kimo kikasha cha kutamka maandishi, mwanafunzi asiyeona amenyang'anywa msomaji wake, wala hakuulizwa.

Kikasha hicho ni mashine ndogo. Kompyuta hukipelekea herufi, nacho huzigeuza kuwa sauti. DECtalk ya kampuni ya Digital ya Marekani, iliyotokana na utafiti wa Dennis Klatt wa chuo cha MIT, ni ya miaka ya 1980. Marehemu Stephen Hawking naye alitumia kifaa cha aina hii. Alibadilishiwa kompyuta mara nyingi, lakini sauti yake aliikatalia.

Fundi atakwambia kompyuta mpya haina tundu la pini tisa, hivyo kikasha ni takataka. La hasha! Ipo adapta inayochomekwa kwenye USB. Nayo Linux ina Speakup, programu ya bure inayotambua vikasha kadhaa vya zamani. Awali ilidai tundu halisi, na huenda ndiyo sababu waliojaribu wakakata tamaa. Mabadiliko yaliyoanza 2017 yaliiwezesha kupitia adapta.

Sisemi vikasha vinatosha. Speakup husoma skrini ya maandishi matupu tu, na vikasha vingi vilitengenezewa Kiingereza. Vikipewa Kiswahili, masikio huumia. Kwa kazi hiyo kuna NVDA, programu ya bure iliyoanzishwa Australia 2006 na vijana wawili wasioona, pamoja na sauti ya eSpeak inayojua Kiswahili. Nchi iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki 2016 inaihitaji sauti hiyo darasani.

Hata hivyo, mfumo wa sauti wa kompyuta ukiharibika, eSpeak hunyamaza. Kikasha chenye spika yake huendelea kusema. Sisi tuliosomea ukimbizini Kenya tunakumbuka kitabu kimoja, mmoja akisoma kwa sauti, darasa zima likisikiliza. Huyo msomaji akiugua, hapakuwa na somo.

Kwa hiyo naiomba Wizara ya Elimu iagize kila kikasha kihifadhiwe pamoja na waya wake wa umeme, maana bila huo hakina kazi. Wahisani wanaotuletea kompyuta waongeze adapta chache. Na Rejaf, jirani na Juba, kuna kituo cha elimu ya wasioona. Anayeandika orodha ya vitu vya kutupa apande gari kwanza, akawaulize walimu wa huko.