Usiue mtaji wa mzigo kwa ajili ya kompyuta ya video

Wadau, leo niseme kitu ambacho baadhi yenu hamtakipenda. Wauzaji wengi wa mtandaoni tunanunua kompyuta ya kuhariri video kwa tamaa, sio kwa hesabu. Nasema "tunanunua" kwa sababu na mimi nimo.

Nauza khanga na vitenge Kariakoo. Mwaka 2022, wiki chache kabla ya Ramadhani, nilichukua hela ya mzigo wa Idd, nikaongezea laki tatu alizonikopesha mama kutoka kwenye kikoba chake, nikanunua laptopu ya gemu ya mtumba. Muuzaji alinihakikishia video za 4K zitateleza tu. Video zikawa kali kweli. Wateja wakamiminika kuuliza bei, mimi sina doti za kuwapa. Na laptopu yenyewe, nusu saa tu ya kazi, inachemka na kuganda.

Mama yangu anauza samaki wa kukaanga pale Feri. Aliniuliza swali moja tu: "Sasa mwanangu, wateja utawauzia kompyuta?"

Sikuwa na jibu. Niliiuza kwa hasara, nikarudisha mzigo dukani kwanza. Mwaka 2023 nikaanza upya, safari hii kwa hela ya faida tu. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Jiulize kama unaihitaji 4K. 4K ni pikseli 3840 kwa 2160, yaani mara nne ya ile HD ya 1920 kwa 1080. Mteja anaangalia kwenye kioo cha simu, tofauti haioni sana. Kwangu faida ni moja: narekodi khanga nzima mara moja, halafu nikihariri navuta karibu pindo na maandishi bila picha kuwa na chenga. Kama bidhaa yako haihitaji kuvutwa hivyo, rekodi HD, hariri kwa simu, hela ongeza mzigo.

2. Nunua kompyuta ya mezani iliyotumika ofisini. Dell OptiPlex na HP EliteDesk za mtumba ukizitafuta utazipata. Chukua lile boksi kubwa la kusimama. Yale membamba yasikudanganye kwa bei, kadi kubwa ya grafiki haiingii na pawa saplai yake ni ndogo. Prosesa iwe kizazi cha 8 kwenda juu, mfano i5-8500. Hiyo inasoma yenyewe HEVC, mfumo ambao simu nyingi za sasa zinarekodia 4K.

3. Ongeza kwa awamu. Boksi nililipata kwa 420,000. Mwezi uliofuata niliongeza RAM ikafika GB 16, ikanigharimu 70,000, na SSD ya GB 500 kwa 110,000. Mwezi wa tatu nikachukua kadi ya grafiki ya mtumba, GTX 1050 Ti ya GB 4, kwa 220,000. Niliichagua kwa sababu inakula kama wati 75 tu, kwa hiyo haiielemei pawa saplai ya ofisi. Jumla 820,000, na skrini nilitumia TV ya nyumbani. Hizo ni bei zangu za wakati ule, wewe pita maduka matatu kabla hujatoa hela. Kadi ya mtumba ijaribiwe mbele yako, ifanye kazi dakika 20 nzima, na risiti uichukue.

4. Tumia proksi. Programu ya DaVinci Resolve ina toleo la bure linalotoa video mpaka 3840 kwa 2160. Inaweza kutengeneza nakala nyepesi za video zako, ndiyo proksi hizo. Unakata na kupanga kwa kutumia nakala, ukimaliza inatoa kazi kutoka kwenye video halisi. Inachelewa wakati wa kutoa, sikatai. Mimi naiacha inatoa, naenda kufunga mizigo ya wateja.

Kuna watakaosema muda ni pesa, bora ununue mashine kali umalize mchezo. Ni kweli, kama unalipwa kwa kuhariri video. Sisi tunalipwa mzigo ukitoka. Video inamleta mteja mlangoni, lakini akifika akakuta rafu tupu, anaenda duka la jirani na harudi.

Zile laki tatu za mama nilizirudisha zote kabla sijanunua hata RAM. Kompyuta ingeweza kusubiri. Kikoba hakisubiri.

Biashara njema.